Sura ya Tano: Lita Moja Mlimani

Injini ya pikipiki ya bodaboda hubeba oili kiasi cha lita moja tu. Gari dogo hubeba lita tatu hadi nne, na bado gari hilo lina gia zenye oili yake ya peke yake. Pikipiki haina anasa hiyo. Lita ile ile moja inalainisha krenki, pistoni na valvu, inaogesha sahani za klachi, inapita kwenye meno ya gia, na juu ya yote inasaidia kupoza injini, kwa kuwa Boxer, TVS HLX na ndugu zao wa Kichina hazina rejeta wala maji ya kuzunguka. Zikipotea mililita 300, gari litakuwa limepungukiwa si zaidi ya sehemu moja ya kumi. Pikipiki imepungukiwa karibu theluthi. Tena nyingi ya pikipiki hizi hazina taa ya kuonya presha ya oili. Dereva wa gari huwashiwa taa nyekundu mbele ya macho, lakini wa bodaboda huonywa na mlio wa chuma, na mlio huo ukishasikika madhara yameshatokea. Kinachobaki ni kijiti cha oili, au kile kioo kidogo cha duara ubavuni mwa injini. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro chombo hicho ni rahisi mno kusomwa vibaya, kwamba kosa lenyewe lina mwelekeo unaojulikana, na kwamba dawa yake si kuongeza oili wala kuimwaga mapema zaidi. Dawa ni kuchagua mahali pa kupimia, na kutopabadilisha.

Tuanze na stendi ya ubavuni. Pikipiki iliyoegemea stendi hiyo hulala upande wa kushoto kwa nyuzi 10 hivi, na injini nyingi tunazozizungumzia zina kijiti au kioo upande wa kulia, kwenye kifuniko cha klachi. Oili, kama kimiminika chochote, haijali injini imelala vipi. Uso wake hubaki sawa. Kwa hiyo inakimbilia kushoto, na kule kulia kijiti kinatoka kimelowa ncha tu. Hesabu yake si ngumu. Tuseme kijiti kiko sentimita 8 kulia kwa mstari wa katikati ya injini: kwa mlalo wa nyuzi 10, oili pale kwenye kijiti itashuka takriban sentimita 1.4. Sasa kitazame kijiti chenyewe. Umbali kati ya alama ya chini na alama ya juu, katika vijiti vingi vya aina hii, ni sentimita moja au zaidi kidogo. Yaani kosa la kuegemeza pikipiki peke yake linazidi nafasi nzima ambayo kijiti kimetengenezwa kuipima, na injini iliyojaa sawasawa itasomeka kama kavu. Aliyesoma hivyo atafanya kinachofuata kwa nia njema kabisa: atanunua oili aongeze. Tukikadiria kwamba uso wa oili ndani ya injini ndogo kama hiyo una eneo la sentimita za mraba 150 hadi 200, kuinua kina kwa sentimita 1.4 kunahitaji mililita 210 hadi 280. Robo lita nzima inaingia mahali isipohitajika.

Hilo ni kosa la ubavu. Mlimani kuna la pili, la mbele na nyuma, na hili ndilo baya zaidi kwa sababu halionekani. Barabara zinazopanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Uru, Old Moshi au Machame hazina sehemu nyingi ambapo magurudumu mawili ya pikipiki yanakanyaga usawa mmoja, na vijiwe vya bodaboda vimekaa palepale barabarani, kwenye njia panda na mbele ya maduka. Chukua mteremko wa kawaida tu, wa asilimia 10, yaani mita 10 za kupanda kwa kila mita 100 za mwendo. Ikiwa kijiti kiko sentimita 8 nyuma ya katikati ya injini, pikipiki ikitazama juu oili itapanda milimita 8 kwenye kijiti, na ikigeuzwa kutazama chini itashuka milimita 8. Injini moja, oili moja, kijiwe kimoja, na tofauti ya sentimita 1.6 kati ya masomo mawili. Anayesoma chini kuliko ukweli hujaza kupita kiasi. Anayesoma juu kuliko ukweli huondoka na injini yenye njaa akiamini imeshiba. Wa kwanza hupoteza fedha za oili na pengine sili moja. Wa pili ndiye anayekuja kufungua injini.

Jicho halisaidii sana hapa. Mtu aliyekulia Kilema au Mwika huuona ua wa kwao kuwa tambarare kwa sababu ua wa jirani umeinama zaidi. Waliochimba mifongo, ile mifereji inayochepusha maji ya mito ya mlimani na kuyatembeza juu ya migongo ya vilima hadi vihambani, walikuwa na kipimo cha kuaminika kuliko macho: maji yenyewe. Kipimo hicho bado kipo na hakiuzwi. Chupa ya maji ya nusu lita iliyojazwa ikabakizwa hewa kidogo, ikilazwa chini, itapeleka kiputo chake upande ulio juu. Ilaze mara moja kufuata urefu wa pikipiki na mara ya pili kuikata, na kwa nusu dakika utajua kama zege ya kituo cha mafuta ni sawa kama inavyodhaniwa. Mara nyingi si sawa. Sakafu za vituo huinamishwa makusudi ili maji ya mvua yatoke. Baraza la chama cha msingi cha kahawa, au ukumbi wa nje wa kanisa, unaweza kuwa mahali bora zaidi, ikiwa wenyewe hawatakasirikia matone.

Hata hivyo sisemi kwamba kila mwendesha pikipiki wa Rombo atafute sakafu iliyonyooka kama meza. Anayedai hivyo hajui Rombo. Ninachosema ni chepesi zaidi: achague mahali pamoja, alaze chupa ajue pameinama kiasi gani, kisha apime hapo hapo siku zote, pikipiki ikitazama upande ule ule. Mahali penye mwinamo mdogo patatoa kosa dogo, lakini litakuwa kosa lile lile leo, kesho na wiki ijayo. Kwa hiyo oili ikionekana imeshuka milimita 3 tangu Jumatatu, imeshuka kweli, hata kama hakuna anayejua kwa uhakika ilianzia wapi. Na mwendo wa oili una habari nyingi kuliko kiasi chake cha siku moja. Injini inayoshuka milimita moja kwa wiki ni nzima. Ikianza kushuka milimita moja kwa siku, ringi zimechoka au kuna mahali panavuja. Hilo haliwezi kujulikana na anayepima leo kijiweni, kesho kwa fundi, keshokutwa nyumbani. Na anayetaka kujua kiasi halisi akiwa kwenye mteremko, apime mara mbili, pikipiki ikitazama juu kisha ikitazama chini palepale, achukue katikati ya masomo hayo mawili. Kwa mwinamo mdogo makosa yanakatana.

Namna yenyewe ya kupima nitaieleza mara moja tu, kwa kuwa imeandikwa kwenye vitabu vya watengenezaji karibu wote kwa maneno yanayofanana. Washa injini iungurume dakika tatu hivi bila kupandishiwa moto, zima, subiri dakika mbili au tatu ili oili iliyopanda juu kwenye valvu ishuke. Simamisha pikipiki wima, kwa stendi ya katikati au kwa kushikwa na mtu. Kabla ya kufungua kifuniko, futa kandokando ya tundu. Vumbi la Kahe na Chekereni ni jembamba kama unga, na punje chache zikidondoka ndani zitafanya kazi ya msasa. Toa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe, kitoe tena, usome pande zote mbili. Upande mmoja mara nyingi huwa na mchirizi uliopanda kwa sababu kijiti kimegusa ukingo wa tundu kikitoka; usisome mchirizi, soma mstari ulionyooka, tena ule wa chini kati ya pande hizo mbili. Oili mpya ni nyeupe mno kuonekana kwa urahisi, kwa hiyo igeuzie mwanga. Wenye kioo wana kazi ndogo zaidi, mradi kioo kiwe kimefutwa tope na macho yashuke hadi usawa wake. Anayekitazama kutoka juu akiwa amesimama hajapima chochote.

Kuna kitu kimoja kinachostahili kusemwa peke yake, nacho ni nyuzi za kijiti. Kwa injini za Honda za ukoo wa CG, na nakala zake nyingi za Kichina, kijiti huingizwa hadi kifuniko kiguse mdomo wa tundu, bila kukazwa. Ukikikaza kinazama zaidi kwa urefu wa nyuzi zake, na oili husomeka juu kuliko ilivyo. Wapo watengenezaji wengine wanaotaka kikazwe. Hakuna sababu ya kubishana kijiweni kuhusu jambo hili, kwa kuwa jibu liko kwenye kitabu cha pikipiki, na kitabu kikipotea, fundi anaweza kulipata siku ya kumwaga oili: unaweka kiasi kamili kilichoandikwa kwenye injini, unaiwasha, unaizima, unasubiri, kisha unajaribu njia zote mbili uone ipi inafika alama ya juu.

Kwa nini mlima unahitaji uangalifu huu kuliko Dar es Salaam? Moshi mjini ni mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na lango la Marangu liko karibu mita 1,870. Kanieneo ya hewa pale langoni ni takriban asilimia 80 ya ile ya pwani, na injini inayovuta hewa pungufu hutoa nguvu pungufu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mwendeshaji hufidia kwa gia: namba mbili, namba moja, injini ikilia kwa nguvu huku pikipiki ikitembea kwa mwendo wa baiskeli, nyuma yake mpagazi na mzigo wake, au ile mishikaki ya abiria wawili watatu ambayo sheria inaikataza na mwinuko unaiadhibu. Upepo wa kupoza mapezi ya silinda ni mdogo kwa sababu mwendo ni mdogo, na hewa yenyewe ni nyepesi. Joto linalobaki hubebwa na oili. Kwa pikipiki za kabureta kuna nyongeza: kabureta iliyotegwa kwa hewa ya chini hutoa petroli nyingi kuliko hewa ya juu inavyohitaji, na petroli isiyoungua huosha kuta za silinda na kushukia kwenye oili, ikaipunguzia uzito. Hapo ndipo mtu anapoona kijiti kikionesha kwamba oili haipungui kabisa, akafurahi, kumbe sehemu yake ni petroli. Kinuse kijiti, harufu ya petroli haijifichi.

Kushuka nako kuna mambo yake. Injini inayoshuka kwenye gia huku mkono umefunga mafuta huvuta kwa nguvu, na kama sili za valvu zimezeeka, oili hufyonzwa kupitia hapo. Ndiyo maana pikipiki nyingine ikifika chini, Kiboriloni au Himo, na kufunguliwa mafuta, hutoa pumzi moja ya moshi wa bluu kisha ikanyamaza. Kuna wanaokwepa hilo kwa kuzima injini na kuserereka ili kuokoa petroli. Breki nitaziacha, ingawa zinatosha kuwa hoja. Kwa upande wa oili, magurudumu yanazungusha shafti ya gia huku pampu, inayoendeshwa na krenki, imelala. Pia mpando mkali unasogeza oili iliyopungua. Kwenye mwinuko wa asilimia 15, ndani ya injini yenye urefu wa sentimita 20, oili upande mmoja huwa juu ya upande wa pili kwa sentimita 3. Injini iliyojaa haioni tatizo. Iliyo chini ya alama inaweza kuacha kichujio cha pampu kikifyonza hewa, tena wakati ambao joto liko juu kabisa. Jambo la kushangaza ni kwamba kona hazina hatari hiyo: pikipiki inapolala kwenye kona, nguvu ya mzunguko na uzito vinalingana na mlalo wake, na oili hubaki imetulia chini ya injini kama vile imesimama wima.

Sasa pingamizi. La kwanza ni la wazoefu: pikipiki za Kichina, SanLG na wenzake, zilizojaa barabarani kabla ya Boxer, zilidumu miaka bila mtu kushika kijiti, na mlima ni ule ule. Ni kweli kwa sehemu, na ukweli huo una chanzo. Nyingi ya hizo ni nakala za Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 ikikusudiwa nchi ambako matunzo ni haba. Honda waliacha makusudi kuweka kamshafti juu ya silinda, wakaiweka chini, karibu na oili, na valvu zikasukumwa kwa fimbo ndefu. Oili ikipungua au kuchakaa, kamshafti iliyo chini bado hupata rashasha. Boxer na TVS zina kamshafti juu kichwani, mahali pa moto kuliko kote, ambako oili hufika tu ikipandishwa na pampu. Mtu aliyehama kutoka CG kwenda Boxer amepata injini nzuri zaidi kwa njia nyingi, lakini ameiacha ile iliyoundwa kusamehe uzembe. Kwa hiyo ushahidi wa wazoefu unathibitisha hoja yangu: mtengenezaji aliyewajua watumiaji wake alilazimika kubadili injini nzima kwa sababu ya oili isiyoangaliwa.

Pingamizi la pili linasema oili ikizidi si hasara, kwamba afadhali izidi kuliko ipungue. Lingekuwa na uzito kama injini ingekuwa pipa. Ndani mwake krenki na gia zinazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na oili ikipanda hadi kuguswa nazo hupigwa ikawa povu. Povu ni hewa, na pampu inayosukuma hewa hailainishi. Presha ndani ya injini huongezeka, oili hutafuta njia kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye chujio la hewa, au inasukuma sili. Ndipo fundi anapoletewa pikipiki "inayovuja", akabadili sili, akajaza oili hadi pale pale ilipokuwa, na kuvuja kunarudi. Nakubali kwamba ukilazimishwa kuchagua kati ya mililita 100 za ziada na 300 za upungufu, chagua za ziada. Ila hakuna anayelazimishwa. Bomba dogo la sindano na mpira mwembamba vinatoa ziada kupitia tundu la kijiti bila hata kugusa bolti ya chini.

La tatu ndilo lenye nguvu zaidi: kwa nini upime, ikiwa unamwaga oili mara kwa mara? Waendeshaji wengi wana tarehe zao, na nidhamu hiyo ni ya kuheshimiwa. Lakini kumwaga kunajibu swali la ubora, si la kiasi. Tuseme pikipiki inachoma mililita 40 kwa siku, kiasi ambacho hakitoi hata moshi wa kuonekana. Kwa siku 10 zimekwenda 400, na mwenye kumwaga kila baada ya wiki mbili atakuwa ametembea siku kadhaa za mwisho na nusu ya oili, kisha akaweka mpya, akaamini amefanya matunzo. Asipopima kile kilichotoka, hatajua kamwe. Basi kwa wasiotaka kupima kila asubuhi, walau wapokee oili chafu kwenye chupa ya lita moja waone imefika wapi. Chupa hiyo ina faida nyingine, kwani oili chafu ina kazi ya kupaka mbao dhidi ya mchwa, na haina kazi yoyote ndani ya mfongo unaoelekea kwenye ndizi na kahawa za jirani wa chini. Kuhusu aina ya oili nitasema moja tu: tafuta alama ya JASO MA kwenye chupa. Oili nyingine za magari zina dawa za kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki, inayoishi ndani ya oili hiyo hiyo, inategemea msuguano kushika mpando.

Linabaki suala ambalo spana haiwezi kulifungua. Bodaboda nyingi ni za mkataba au za hesabu: tajiri ana kadi, kijana ana usukani. Kwa kawaida kijana hununua petroli na oili, tajiri hubeba matengenezo makubwa, ingawa makubaliano hutofautiana. Mpangilio huu unatenganisha anayeokoa na anayelipa. Mililita 100 za kuongeza leo zinatoka mfukoni mwa kijana. Silinda itakayochongwa miezi sita baadaye inatoka mfukoni mwa tajiri, na pengine kijana huyo atakuwa ameshahamia pikipiki nyingine. Kwenye pikipiki ya mkataba mambo hugeuka kadiri siku zinavyokwenda, kwa sababu kijana anayekaribia kumaliza anajua injini hiyo itakuwa yake. Yule wa hesabu ya siku hana sababu hiyo kabisa. Wapo watakaosema hili ni suala la uaminifu, mtafute kijana mwaminifu. Sidhani. Mwaminifu naye hupima kwenye stendi ya ubavuni, na tajiri anayefika jioni kuchukua hesabu hulitazama tairi, akaitazama taa, kijiti asikiguse. Makubaliano ya kweli yangekuwa ya vitu vitatu: pikipiki ikabidhiwe mahali palipokubaliwa, kijiti kisomwe na wote wawili siku ya makabidhiano na kila siku ya kumwaga, na oili ya kuongezea katikati ya tarehe hizo ilipwe na tajiri, kwa chupa, si kwa fedha. Kipengele hicho cha mwisho matajiri wengi watakikataa wakidhani ni hasara. Walinganishe bei ya chupa moja na gharama ya kuchonga silinda, kununua pistoni na ringi, na hesabu za siku zote ambazo pikipiki itakuwa imelala kwa fundi ikisubiri vipuri.